Dawa Ikiingia Kwenye DNA: Tuione kwa Kamba na Vibanio vya Nguo

Haya, karibuni tena. Leo ni kamba, tepu na vibanio vya nguo, basi. Kamba hii imesokotwa kwa nyuzi mbili. Mmoja nimeupaka wino mwekundu. Ndiyo DNA yetu. Ile halisi humaliza mzunguko mmoja kila jozi za besi 10.5 hivi, yaani vile vidato vinavyounganisha nyuzi zake mbili kama ngazi.

Shika ncha zote mbili. Moja izungushe kinyume cha msokoto, mara mbili kamili. Sasa ziunganishe kamba iwe duara, na hapa taratibu jamani! Mwekundu kwa mwekundu, mweupe kwa mweupe, wala usiachie kidole kabla tepu haijashika. Mimi mara ya kwanza niliachia nijikune pua, mizunguko ikatoroka yote, nikabaki narekodi kamba iliyolala tu. Bonyeza tepu. Bonyeza tena. Usiachie!

Iweke mezani. Mnaona inavyojikunja kama nane... subirini, simu imeteleza. Haya. Kamba inadai mizunguko yake miwili, ncha zimefungwa, basi mwili mzima unajipinda. Plasimidi nyingi za bakteria, yaani vile viduara vidogo vya DNA, hukaa hivi hivi.

Sasa dawa. Etidiamu, ambayo hutumika kutibu nagana ya ng'ombe kwa jina la homidiamu, ni molekuli bapa. Hujipenyeza kati ya jozi mbili za besi kama karata inayochomekwa kwenye pakiti, na kila moja hufungua msokoto kwa digrii 26 hivi. Kwa hiyo molekuli kama 14 zinafuta mzunguko mzima. Upenyaji huu mwanasayansi Leonard Lerman aliueleza mwaka 1961, yeye akitumia akridini, molekuli nyingine bapa. Doksorubisini ya saratani nayo hupenya vivyo hivyo.

Kwetu dawa ni vibanio. Chagua kipande kimoja, nyoosha nyuzi ziende sambamba, bana mfululizo. Mimi napenda vya mbao, vya plastiki huruka. Tazama upande wa pili, ambako sijagusa: ile nane inafunguka! Mizunguko iliyokuwa ikidaiwa sasa imebebwa na kipande kilichobanwa. Duara limetulia.

Ongeza vibanio. Endelea... hapo! Imeanza kujipinda tena, ila mkunjo umeelekea upande wa kinyume. Dawa ikizidi, plasimidi nayo hufanya hivyo.

Kama kwako hakuna kilichotokea, angalia tepu. Uzi mmoja ukiachia tu, mkunjo wote huvuja. DNA ikikatika uzi mmoja, ni hivyo hivyo. Mnakumbuka pua yangu?