Rafiki Mwenye Bei: Mitandao ya Kijamii na Sarafu za Kidijitali

Waheshimiwa walimu na wanafunzi wa hapa Chake Chake, assalaam alaykum. Wanaonijua wanafahamu nitakalolisema, na huenda baadhi yao wamekuja kunisikiliza kwa adabu tu. Lakini maadamu kila mwaka inazuka programu mpya inayoahidi kumlipa mtu kwa kuzungumza na wenzake, sina budi kulirudia. Mtandao wa kijamii unaotia bei juu ya mahusiano ya watu huwavuta wanaoifuata bei, na bei ikianguka huondoka nayo.

Chukueni friend.tech, mfano ninaoupenda mno kwa sababu hesabu yake iko wazi. Programu hii ilianza Agosti 2023, na kila aliyetaka kuingia katika chumba cha mazungumzo cha mtu fulani alilazimika kununua kile walichokiita ufunguo wake. Bei haikupangwa na mwenye chumba. Ilichukuliwa idadi ya funguo zilizokwisha kuuzwa, ikazidishwa kwa yenyewe, kisha ikagawanywa kwa 16,000, na jawabu ndilo likawa bei kwa sarafu ya etha. Haya, tuhesabu pamoja. Funguo 40 zikiwa zimeuzwa, unaofuata ni etha 0.1, zikifika 80, unaofuata ni etha 0.4, ambazo kwa bei ya siku zile zilizidi dola 600. Juu yake ilitozwa asilimia 10, nusu ya mwenye chumba na nusu ya wenye programu, na ukiuza ilikatwa asilimia 10 nyingine. Kwa hiyo aliyenunua kwa 0.4 alitoa 0.44, na lau angeuza papo hapo angepokea 0.36. Hapo bado hajaondoka mtu! Wenzake 40 wakimtangulia kutoka, yeye huambulia 0.09.

Sasa tizameni hesabu hiyo inavyomgeuza mwanadamu. Kila uliyekaa naye chumbani anaweza kukutia hasara kwa kutoka kabla yako, hivyo badala ya kusikiliza kinachosemwa unabaki kuchungulia nani anausogelea mlango. Najua kuna atakayeniambia kwamba hata kina mama zetu hucheza upatu. Hapana, bwana, tusiwasingizie! Katika upatu kila mmoja hupokea sawa na alichotoa, wa mwisho kama wa kwanza, na kinachotofautiana ni zamu. Kule faida ya aliyewahi hutoka mfukoni mwa aliyechelewa. Ama uhalali wake kisharia, masheikh wamo humu ukumbini, nami si mufti. Mwezi Mei 2024 wenye programu wakatoa sarafu yao wenyewe, ikaporomoka, na Septemba wakahamishia mamlaka ya mikataba yake, yaani msimbo wa kompyuta unaoiendesha, kwenye anwani isiyo na mwenyewe, ili asiwepo tena wa kuibadilisha.

Mwaka huohuo, humuhumu mabarazani petu, vijana waliinamia simu wakipiga kioo kwa vidole viwili vitatu kwa kupokezana, wakimchumia sarafu yule kipanya wa Hamster Kombat, mchezo wa ndani ya Telegram, hata aliyepewa salamu akasahau kuitika. Sarafu zilipogawiwa Septemba, wengi walilalamika kwamba walichopata hakikulingana na muda waliotoa. Nao huo tuuite mtandao wa kijamii?

Mtaniambia kuwa ninachagua mifano mibovu. Basi ichukueni Steemit ya mwaka 2016, mtandao uliowalipa waandishi kwa sarafu kufuatana na kura za wasomaji, iliyokuwa na waandishi na wasomaji wa kweli, ila uzito wa kura ya mtu ulifuata wingi wa sarafu zake. Mwaka 2020 Justin Sun, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, aliinunua kampuni ya Steemit, mzozo ukazuka baina yake na watumiaji, na masoko makubwa ya sarafu yakapiga kura upande wake kwa kutumia sarafu za wateja zilizowekwa kwao. Watumiaji wengi wakahama na kuanzisha mtandao wao, Hive.

Wanaotetea fani hii wana hoja moja ninayoiheshimu, nayo ni kwamba jina lako na wafuasi wako viwe mali yako, usije ukapoteza vyote siku kampuni ikikufungia akaunti. Ni hoja ya haki, lakini haihitaji sarafu: katika Mastodon, mtandao wa kijamii ulioanza mwaka 2016 na unaoendeshwa na seva (kompyuta) nyingi za watu mbalimbali, mtu huhama seva moja kwenda nyingine akiwa na wafuasi wake, bila ya kununua wala kuuza chochote. Farcaster, mtandao wa kijamii wa watu wa sarafu, ilipokea dola milioni 150 za wawekezaji mwaka 2024 kwa ahadi iliyo karibu na hiyo, na baadaye wakuu wake wakaelekeza nguvu kwenye pochi ya sarafu, yaani programu ya kuwekea na kutumia sarafu.

Kuhusu malipo ya wasanii nilikuwa na mengi, ila naona mwenyekiti anaitizama saa. Kwa ufupi, kijana wa Wete anayerikodi msewe na kuuweka mtandaoni tayari ana namba ya kupokelea pesa kwenye simu yake, na wakala yuko mtaani kwao. Anayemtumia sarafu ya kidijitali humwongezea kazi ya kutafuta wa kumbadilishia, na mbadilishaji hafanyi kazi bure.

Limebaki suala la kodi. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari yake juu ya sarafu hizi mwaka 2019, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaja na kodi ya zuio, yaani inayokatwa na mlipaji, ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Namna ya kuihesabu mwulizeni mhasibu aliyekaa mstari wa mbele. Nampa kipaza sauti.