Majirani wa Mlimani: Kwa Nini Mafundi wa Mitambo Wanahitaji Chama

NJERI: Karibu tena msikilizaji. Tuko hapa South B, Nairobi, stima ipo, mvua imetulia, kwa hivyo leo hatuna kisingizio. Mimi ni Njeri, wa upande wa studio.

SALIM: Na mimi Salim, wa upande wa baridi.

NJERI: Wa mlimani, anamaanisha, kule kwenye mitambo ya kurushia matangazo. Mzee Salim, juzi ulinitumia ujumbe wa sauti mrefu ajabu kuhusu chama fulani cha Wamarekani.

SALIM: Haukuwa mrefu. Wewe ndiye huna subira.

NJERI: Ulikuwa na sehemu ya pili na ya tatu! Haya, waeleze watu.

SALIM: Kinaitwa Society of Broadcast Engineers, makao yake Indianapolis. Kimekuwapo tangu 1964. Kulikuwa na mhandisi, John Battison, aliyekuwa mhariri wa jarida la kazi hii yetu, akawa anaandika kwamba watu wa mitambo ya redio na televisheni wawe na chama chao, wasibaki kukaa pembeni kwenye vyama vya wahandisi wote kwa jumla. Lakini kilichonivutia mimi si makao makuu, ni matawi. Tawi ni la mji au eneo. Wanakutana, mara nyingi ndani ya stesheni ya mmoja wao, mnaonyeshwa chumba cha mitambo, mnauliza maswali. Stesheni ya mshindani wenu, Njeri.

NJERI: Hapa ukimwambia bosi umeingiza fundi wa stesheni nyingine kwenye chumba cha mitambo, barua unapewa kabla ya chakula cha mchana.

SALIM: Bosi hajui tu. Kule juu tunaingiliana kila siku.

NJERI: Eleza hilo, kwa sababu nadhani msikilizaji anafikiri kila stesheni ina mlima wake.

SALIM: Mlima ni ule ule. Ngong, au Limuru. Vibanda vimepangana, milingoti imesimama ubavu kwa ubavu. Watangazaji wetu asubuhi wanapigania msikilizaji mmoja ndani ya matatu, na sisi huku tunakopeshana spana. Nikupe kisa. Mvua ya masika, usiku, ukungu ukiunyoosha mkono huuoni. Transmita ya stesheni moja, sitaitaja, imejipunguza nguvu yenyewe. Ni ya kilowati tano, inatoa moja na ushee. Nafungua kibanda, natazama geji mbili: nguvu inayokwenda na nguvu inayorudi. Inayorudi iko juu.

NJERI: Simama hapo kidogo. Inayorudi maana yake nini?

SALIM: Transmita inasukuma nguvu kupitia kebo nene hadi antena. Kila kitu kikiwa sawa, karibu yote inatoka hewani. Kukiwa na hitilafu njiani, sehemu yake inagonga pale na kurudi ilikotoka, na ikirudi nyingi inaunguza amplifaya. Kwa hivyo mtambo unajilinda, unapunguza. Sasa, kebo ile ndani ina uwazi, na tunaujaza hewa kavu yenye presha ili unyevu usiingie. Kuna geji ndogo chini ukutani, hata watu wanaisahau. Nikaimulika na tochi. Sifuri.

NJERI: Maji.

SALIM: Mpira wa kuziba kwenye maungio ya juu ulikuwa umechoka, mvua ikajipenyeza. Na usiku ule hakuna mtu wa kupanda, radi zinapiga. Nikabisha hodi kibanda cha jirani. Kijana yuko zamu, ana mtungi wa naitrojeni. Akaubeba begani, tukaunganisha mpira, tukawa tunasukuma naitrojeni kavu taratibu, tunatazama ile geji ya nguvu inayorudi inashuka chembe kwa chembe. Chai ya thermos, redio yake ikiimba na yangu ikikoroma. Kulipopambazuka nguvu ilikuwa imerudi ya kutosha kipindi cha asubuhi, na mvua ilipokatika mpandaji akaenda kubadilisha ule mpira. Stesheni ya yule kijana ndiyo iliyokuwa ikitushinda saa zile za asubuhi.

NJERI: Na bosi wake?

SALIM: Mpaka leo hajui.

NJERI: Sasa hapo ndipo ninapokubishia. Kama mambo yanakwenda vizuri hivyo kwa ujirani, chama cha nini? Chama kitaleta mwenyekiti, mweka hazina, fulana, na chakula cha jioni hotelini mara moja kwa mwaka.

SALIM: Ujirani unategemea namba ya simu. Yule kijana alihamia Ughaibuni, namba haipatikani, naitrojeni sijui iko wapi. Na kuna mambo ambayo ujirani hauyawezi. Chukua masafa. Stesheni mbili, nasema mfano tu, moja iko megahezi 102 na nyingine 106. Antena ziko karibu. Wimbi la 102 linaingia kwenye antena ya 106, linateremka na kebo hadi kwenye amplifaya, mawimbi mawili yanachanganyika humo na kuzaa jipya. Zidisha 106 mara mbili, utoe 102.

NJERI: Mia moja na kumi.

SALIM: FM inaishia 108. Kutoka 108 hadi 112 ni masafa ya mtambo unaomwonyesha rubani kama amekaa katikati ya barabara ya kutua au amekwenda kando.

NJERI: Wueh! Kwa hivyo nyimbo za injili na taarabu zinakutana kule Ngong, mtoto wao anakwenda kumsumbua rubani wa JKIA, uwanja wetu wa ndege.

SALIM: Ndiyo maana tunafunga filta kabla ya antena, ipitishe yako na kuzuia ya jirani. Sasa fikiria jirani amebadilisha amplifaya, filta ya zamani haiendani, akasema nitaifunga wiki ijayo. Leseni inatoka Mamlaka ya Mawasiliano na wana vipimo vyao, sikatai. Lakini anayejua leo kwamba filta haijafungwa ni aliye kibanda cha pili. Kule Marekani kazi hii ya kupatanisha masafa, hasa yale ya muda ya maikrofoni zisizo na waya na viunganishi vya kamera, imekuwa ikifanywa na watu wa kujitolea wa matawi. Hata mechi za ile ligi yao ya NFL, ya mpira wa Kimarekani, kuna mratibu wa masafa uwanjani, na chama kilikuwa na mkono katika kuupanga mpango huo.

NJERI: Hapo umenigusa, kwa sababu maikrofoni ni shamba langu. Watu hawajui kwamba masafa ya juu ya televisheni, kuanzia megahezi 694 hadi 862, yaligawiwa simu za mkononi baada ya televisheni kuhamia dijitali. Sasa mtu wa matukio anatoka Dubai na maikrofoni za bei nafuu za masafa hayo, anafika uwanja wa Kasarani, watu elfu kadhaa wametoa simu wanarekodi, halafu mgeni rasmi anaanza kuhutubia na sauti inakatikakatika. Lawama zote kwa mtu wa sauti! Hakuna mahali pa kupiga simu kuuliza, leo Kasarani nani anatumia nini. Kila mtu anakuja na mashine yake, anatafuta nafasi, anaomba Mungu.

SALIM: Umeshaanza kukipenda chama.

NJERI: Taratibu, mzee. Niambie kuhusu vyeti, maana huko ndiko kwenye mtego.

SALIM: Zamani kule kwao serikali, kupitia FCC, tume yao ya mawasiliano, ilikuwa na leseni ya daraja la kwanza kwa mafundi wakuu wa stesheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaifuta. Chama kilikuwa kimeshaanza mitihani yake katika miaka ya 1970, kwa hivyo pengo lilipotokea, cheti cha chama ndicho mwajiri alichokitazama. Na hakidumu milele. Baada ya miaka mitano unakithibitisha upya, kwa mtihani au kwa pointi, na kuhudhuria mikutano ya tawi kunakupa pointi.

NJERI: Sisi tunaye Engineers Board, bodi ya kusajili wahandisi, chini ya sheria ya 2011, na mwenye diploma anakwenda KETRB, bodi ya mafundi, sheria ya 2016. Ukiongeza bodi ya tatu, kijana atalipa ada tatu na mshahara wenyewe wa mkataba. Mimi siungi mkono.

SALIM: Sijasema bodi. Zile zinasajili fani kwa upana, na ni sawa. Nasema kipimo cha kazi yenyewe. Unajua KIMC, chuo cha utangazaji hapo jirani?

NJERI: Nimepita getini asubuhi.

SALIM: Ilianza 1961 kwa ajili ya kufundisha mafundi wa mitambo wa redio ya taifa. Mafundi! Leo ukitaja KIMC mtu anawaza watangazaji na kamera. Wazee waliofunzwa enzi zile wanastaafu mmoja mmoja, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Yale ya kusikia feni ikibadilisha mlio ukajua beringi inakufa. Waandishi wana Kenya Union of Journalists, wahariri wana Kenya Editors' Guild. Mimi na wenzangu tuna grupu ya WhatsApp yenye salamu za asubuhi na picha za maua.

NJERI: Na matangazo ya mashamba Kajiado.

SALIM: Hayo ndiyo mengi.

NJERI: Nakubali kwa sehemu. Unakumbuka ving'amuzi? Nchi ilianza televisheni ya dijitali 2009 kwa mfumo wa DVB-T, halafu ikahamia ule mpya zaidi, DVB-T2, na walionunua ving'amuzi vya mwanzo wakabaki na mapambo ya sebuleni. Kisha katikati ya Februari 2015 mitambo ya analojia ikazimwa katikati ya mvutano, NTV, KTN, Citizen na QTV zikatoweka karibu wiki tatu. Wiki tatu hizo niliwasikia mawakili, nikawasikia wanasiasa na wahariri. Mama yangu akanipigia, je, ni lazima ninunue TV mpya? Hakuna fundi niliyemsikia akisema kwa niaba ya mafundi, mama, TV yako ni nzima, tafuta king'amuzi cha T2 na antena, ielekeze Limuru.

SALIM: Kila fundi alikuwa amefungwa mdomo na mwajiri wake. Chama hakina mwajiri.

NJERI: Hilo ndilo jambo la maana kuliko yote uliyosema leo, na umelisema kama unapita. Haya, nami nina langu. Mitambo siku hizi ni kompyuta. Februari 2013 kule Montana, watazamaji wa stesheni moja ya televisheni walikatiziwa kipindi, ikatangazwa tahadhari rasmi ya dharura kwamba maiti wanafufuka makaburini na kushambulia walio hai.

SALIM: Astaghfirullah.

NJERI: Mtu aliingia kupitia intaneti kwenye mtambo wa tahadhari. Nywila ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Sasa jiulize hapa kwetu kiunganishi cha studio na mlima kina nywila gani.

SALIM: Ninakijua kimoja, sitasema cha nani, nywila imeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya mtambo wenyewe.

NJERI: Kumbe! Basi ajenda ya kwanza ya chama iwe hiyo. Na ya pili, nani anaingia. Mimi nikija mlimani, askari wa geti huniuliza nimemletea nani chakula. Sitaki chama ambacho wanawake watapewa kazi ya kupika chai na kuandika kumbukumbu za mkutano.

SALIM: Uwe mwenyekiti basi, nani amekukataza? Na aingie mwenye digrii, mwenye diploma, aliyefundishwa na kazi, na mpandaji wa milingoti.

NJERI: Mpandaji? Wenye digrii watanuna.

SALIM: Wanune. Siku taa nyekundu ya kileleni imezimika na ndege zinapita, digrii inabaki chini inatazama juu.

NJERI: Ada?

SALIM: Mia tano kwa mwezi. Tununue kipimo kizuri cha spektra kimoja, kile cha kuonyesha mawimbi yaliyo hewani, kizunguke. Kuna stesheni za kijamii vijijini hazijawahi kupimwa tangu zifunguliwe.

NJERI: Mia tano kwa kijana wa mkataba ni nyingi. Na orodha ya spea ianze bila ada. Nani ana feni, nani ana moduli ya amplifaya imekaa stoo, nani ana naitrojeni. Hiyo naweza kuifungua leo jioni kwenye simu.

SALIM: Mpandaji asilipe. Atalipa kwa kupanda.

NJERI: Hapana mzee, huyo ndiye tutakayemlipa sisi, na mkanda wake wa usalama tununue sisi, mpya, si ule wa kuazimana.

SALIM: Sawa. Andika hilo juu ya ile ya nywila.

NJERI: Limeandikwa. Msikilizaji, kama unafanya kazi ya mitambo, redio au runinga, popote ulipo, tuandikie una spea gani na uko mlima gani. Mashamba ya Kajiado usitutumie.