Keshia wa ndani ya wavu

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mliojibana kule nyuma karibu na feni, mambo vipi. Nimeambiwa niongelee biashara za zamani, sasa mimi sio msomi wa biashara, nilikua kijana wa karatasi tu, kwahiyo ntaongelea karatasi.

Mwaka 1979 vita vya Kagera ndo vinaisha, nikapata kibarua duka moja la vifaa vya ujenzi pale Kariakoo, jina tuliache. Ukija kununua misumari kilo mbili, yule anaekupimia haruhusiwi kugusa hela yako hata thumni. Anaandika karatasi tatu kwa kopi kaboni, ile karatasi ya wino inayonakili maandishi kwenda chini, moja inabaki kitabuni, mbili unazibeba unaenda kupanga foleni kwa keshia ambae kajifungia ndani ya wavu kama kuku wa sokoni, unapitisha hela kwenye kitundu, anagonga muhuri IMELIPWA, karatasi moja anaitunga kwenye msumari uliosimama mezani kwake, ya mwisho unarudi nayo kaunta nyingine kabisa ndo unapewa mzigo. Haya unadhani umemaliza, mlangoni kuna mzee anaichana pembeni ndo utoke. Foleni tatu kwa kilo mbili za misumari jamani! Watu walikua wanatutukana kweli kweli, na mimi ndo nilikua wa kutukanwa sababu kazi yangu ni kukimbiza karatasi za wateja wakubwa wasiotaka kusimama.

Nikawa nawaona hawa wenye duka wamechanganyikiwa, mpaka siku keshia akanieleza. Anaeshika mali asishike hela, anaeshika hela asishike mali. Jioni zile karatasi za msumarini zinalinganishwa na za kitabuni na mzigo uliotoka, ili uibe inabidi watu watatu mkubaliane, na watatu kukubaliana mbele ya hela ni kazi ngumu.

Na sio sisi tu, Wamarekani walishapitia huko. Kuna muuza duka mmoja wa Lowell, Massachusetts, William Lamson, karibu na mwaka 1880 alichoka kuona watu wanakimbia na hela dukani, akatengeneza matufe ya mbao yenye uwazi ndani. Hela na karatasi vinaingia kwenye tufe, linabingirika juu kwenye reli iliyoinama mpaka kwa keshia, chenji inarudi hivo hivo. Tena matufe yalitofautiana ukubwa, kila kaunta na saizi yake, ili lisije likashukia kwa muuzaji mwingine. Baadae zikaja waya, halafu mabomba ya upepo yanayofyonza kikopo. Yani mwenzetu alikua na reli, Kariakoo reli ilikua mimi.

Sasa mshahara. Mwisho wa mwezi wa sita tunaitwa mmoja mmoja pale pale kwenye wavu, yani na sisi tulikua foleni kama wateja. Bahasha ya kaki, juu imeandikwa jina na hesabu, unahesabu mbele ya keshia, unasaini, asiejua kuandika anaweka dole gumba. Yangu ilitakiwa iwe 380, noti tatu za mia na nne za ishirini, nilikua nshaziota usingizini. Nahesabu nakuta 360. Kwenye bahasha pameandikwa kwa kalamu nyekundu: shoti 20. Eti karatasi moja niliyokimbiza haionekani, kwahiyo hela yake nimelipa mimi. Nyie acheni, nililia mtu mzima nyuma ya mabati.

Nikapanda basi la UDA mpaka Magomeni, nikampa mama bahasha bila kuifungua tena, maana kwetu mshahara wa kwanza hauli mwenyewe. Mama akatoa mia mbili akaniambia peleka dukani kwa Mpemba, kumbe daftari la mkopo lilikua limejaa sukari na mafuta ya taa ya miezi mitatu, tumekula mshahara wangu kabla sijaajiriwa. Mpemba akapiga mstari jina letu, akafungua ukurasa mpya hapo hapo akaandika mchele kilo mbili. Khanga ya kiwanda cha Urafiki niliyomuahidi mama ikasubiri mpaka mwezi wa tisa.

Vijana mnacheka, lakini juzi nimeenda Kariakoo kununua bomba, nikalipa kwa lipa namba, meseji imeingia kwangu, dogo wa dukani hanipi mzigo. Anapiga simu, "bosi imeingia?" Bosi yuko Mbezi huko na simu ya meseji anayo yeye. Nikacheka peke yangu, keshia wangu yupo bado, wavu tu ndo umehamia Mbezi.

Enhe, mama hapo mbele anauliza ile ishirini nilirudishiwa? Nilirudishiwa. Mwezi uliofata keshia alibadilisha kopi kaboni akaikuta karatasi imeganda chini yake. Nikajua atachomoa noti anipe yaishe. Wapi! Akaniandikia karatasi tatu, akaniambia nipeleke kwa mwenye duka asaini, nirudi nikapange foleni, na mbele yangu kulikua na fundi ananunua bati ishirini.