Wekundu wa Mwezi wa Tisa: Mhadhara Juu ya Rangi za Majani, Lubumbashi

Baba zangu, mama zangu, ndugu na wadogo zangu, asanteni kwa kuja na jua hili.

Nimekuja na majani mawili, yote ya mwembe mmoja wa uani kwangu. Hili la kwanza limekaa mtini muda mrefu: kijani kizito, gumu, ukilikunja linalia na kuvunjika. Hili la pili lina siku chache tu tangu litoke. Litazameni. Rangi yake ni ya shaba iliyotoka kusuguliwa, linaning'inia kama kitambaa kilicholowa, na ukilikunja halivunjiki. Wiki chache zijazo litakuwa kijani kama kaka yake.

Kilichonileta hapa ni swali la kijana mmoja. Tulikuwa njiani kwenda Kipushi, mwezi wa tisa, miombo imewaka wekundu pande zote mbili za barabara. Akaniuliza: "Mwalimu, ni shaba ya chini inayopanda mpaka majanini?" Sikumcheka. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mtoto aliyezaliwa hapa ana haki ya kuuliza hivyo. Jibu ni hapana, lakini hiyo hapana ina mengi ndani yake.

Tuanze na kijani. Mwanga wa jua tunauona mweupe, kumbe una rangi zote za upinde wa mvua. Ndani ya jani mna klorofili, kitu ambacho Pelletier na Caventou, wanakemia wawili wa Paris, walikitenga na kukipa jina mwaka 1817. Ni haohao waliotoa kwinini katika gome la mti mwaka 1820, dawa iliyowatibu wazee wetu malaria. Klorofili inaupenda mwanga mwekundu na wa buluu. Ndiyo inayoula kwa wingi ili mti utengeneze sukari kwa maji na hewa. Mwanga wa kijani inaula kwa uchache, na kinachosazwa kinarudi machoni petu. Kijani tunachokisifia msituni ni makombo ya mezani pa jani.

Katikati ya kila molekuli ya klorofili imekaa atomu moja ya magnesi, kama chuma kilivyokaa katika wekundu wa damu. Mama zangu mnaifahamu habari hii bila kufundishwa na mtu. Sombe, yaani majani ya muhogo, ikitoka kinuni inang'aa kijani. Ikikaa motoni, kijani kinafifia na kuelekea kahawia: moto na uchachu wa majani yenyewe vimeing'oa magnesi mahali pake. Anayetia bikarbonati kidogo anaupunguza uchachu huo, kwa hiyo kijani kinadumu.

Shaba sasa. Ukiiweka shaba katika nafasi iliyoachwa na magnesi, kijani kinashika sana, hata moto haukiondoi upesi. Zamani wapishi wa Ulaya walichemsha mboga katika sufuria za shaba ili zibaki kijani, na walaji wakaimeza shaba pamoja na mboga. Basi kijana wangu, shaba ikiingia kwenye klorofili inakoleza kijani, haileti wekundu. Na shaba ikizidi udongoni, mimea mingi inageuka njano na kudumaa. Nendeni mkaangalie vilima vya shaba vya Katanga: miti mirefu inakoma pembeni, juu kumebaki nyasi na mimea midogo iliyozoea sumu ile, kama Haumaniastrum katangense, lile ua la shaba. Muputu na mutondo, miti ya miombo, haipandi kule. Msitu mwekundu umesimama hasa pale ambapo shaba si nyingi.

Wekundu wenyewe ni rangi iitwayo anthosianini, jamii ileile inayoyapa maji ya maua ya ngai-ngai rangi yake. Jani changa halijamaliza kujenga mitambo yake ya kupokea mwanga, na jua la mwezi wa tisa halina wingu la kulizuia. Mwanga ukizidi unaiharibu mitambo hiyo kabla haijaanza kazi. Anthosianini inanyonya sehemu ya mwanga huo, jani linakua chini ya mwavuli wake lenyewe. Wako wataalamu wanaosema pia kwamba rangi hiyo inawafukuza wadudu walao majani. Mwavuli naukubali zaidi, kwa sababu unafungwa pale pale jani linapokomaa.

Ninalolistaajabia kuliko yote ni wakati wenyewe. Tangu mwezi wa tano hakuna mvua, ardhi imepasuka, vumbi limekaa juu ya kila kitu. Wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, mti unatoa majani mapya. Maji umeyatunza ndani ya shina, mengine unayavuta kwa mizizi mirefu kutoka chini ambako kiangazi hakikufika. Mvua ikinyesha inakuta jani tayari limekomaa, kazi inaanza siku hiyohiyo. Hata kisiki cha mutondo kilichokatwa kwa ajili ya makala ya kupikia, machipukizi yake yanatoka mekundu.

Vitabu nilivyosomea utotoni vilikuwa na picha ya mti wa Ulaya, mwekundu na wa njano, na chini yake tuliandika: majani yanakufa. Kwao ni kweli. Paris mchana unazidi saa 16 mwezi wa sita, na mwezi wa kumi na mbili unabaki saa 8 na kidogo. Mti unahisi mchana ukifupika na baridi ikija, unairudisha naitrojeni yake shinani, unavunja klorofili, unafunga kikonyo cha jani. Njano inayojitokeza ilikuwamo siku zote, imefunikwa na kijani; ni karotini, ndugu wa ile ya mawese. Wekundu ndio unaotengenezwa upya mwishoni. Lakini sisi, kati ya mchana mrefu na mchana mfupi tofauti ni saa moja na dakika 20 hivi tu. Niliandika "majani yanakufa" na kupewa alama zote, huku nje ya dirisha wekundu uleule ulikuwa wa majani yanayozaliwa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mwalimu aliye humu, mwezi wa tisa ukifika, watoe watoto nje.

Sasa majani haya mawili yanapita mikononi mwenu. Lichukueni kila moja, liinueni dhidi ya mwanga wa dirisha, muone mishipa. Katika hili changa, tazameni vizuri kandokando ya mshipa wa kati: kijani kimeshaanza.