Bunduki ya mitutu miwili niliyoinunua Birmingham (na hapana, siileti Handeni)

Habarini wadau, karibuni tena. Ni mimi yule yule wa Birmingham, leo narekodia jikoni kwa sababu sebuleni nimefukuzwa. Mke wangu kasema hicho chuma hakikai karibu na runinga mpaka kiishe harufu ya mafuta. Kwa hiyo mkisikia friji inanguruma nyuma yangu, vumilieni.

Wiki iliyopita nilirusha picha moja tu, basi nikaoga maneno. Mmoja kauliza kama nimeingia ujambazi, wengine wanasema niilete nyumbani Handeni. Mama mkubwa kapiga simu mwenyewe, anataka kujua nina adui gani huku. Shikamoo mama mkubwa. Sina adui. Nina ugonjwa wa vitu vya kale, basi.

Ngoja nisogeze kamera. Haya, ndiyo hii. Mitutu miwili ubavu kwa ubavu, nyundo mbili, triga mbili, ya mbele na ya nyuma. Kitako ni mti wa jozi, na hapa shavu la mwenye bunduki lilipokuwa likiegemea pamelainika kama mwiko wa zamani. Nimeipata kwenye mnada wa vitu vya kale, kwa mzee mmoja aliyekuwa na meza imejaa saa mbovu na vijiko. Pauni 280. Alianza na 340, nikamwambia mimi ni mtu wa Tanga, nikaondoka hatua tatu, akaniita.

Lakini kilichoninunulisha hasa siyo bei. Mzee aliifungua, akaitoa mitutu yenyewe, akaining'iniza kwenye kidole kimoja, akaigonga na kifundo cha kidole. Wadau, ililia kama kengele! Tiiing, ndefu hivi. Akaniambia ikilia hivyo, kile chuma kinachounganisha mtutu na mtutu bado kimeshika. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, achana nayo.

Sasa angalieni huu mkono wa chini, unaozunguka kinga ya triga. Ukiusukuma kulia... hivi... mitutu inainama, unaona ndani tupu mpaka upande wa pili. Kifungio hiki ni cha Henry Jones, fundi wa hapa hapa Birmingham, alikisajili mwaka 1859. Ndiyo maana naiweka bunduki hii miaka ya 1860. Na juu ya kila mtutu, huku nyuma, kuna kijimfereji. Mnakiona? Risasi zake zilikuwa na pini ya shaba iliyochomoza ubavuni mwa ganda, kama mwiba. Ukiitia, pini inachungulia kwenye mfereji, nyundo inashuka inaigonga, pini nayo inagonga fataki, kile kijilipuzi cha kuwasha baruti, iliyo ndani ya ganda. Mtindo huo aliuleta Mfaransa, Casimir Lefaucheux, miaka ya 1830. Waingereza waliushangaa kwenye maonyesho makubwa ya London ya 1851, wakauiga, na baada ya miaka ishirini hivi wakawa wameuacha, maana zilikuja risasi zinazogongwa katikati ya kitako cha ganda, zisizo na mwiba wa kulenga kwenye mfereji.

Na hapo ndipo sheria inaponiokoa. Bunduki ya kawaida ya marisau, zile chembe ndogo ndogo za risasi, huku unaiombea cheti polisi. Hii, kwa kuwa mfumo wake ulishakufa na mimi naiweka pambo tu, haihitaji. Siku nikianza kuwaza kuifyatua, nakwenda kupanga foleni ya cheti kama mtu mwingine. Siwazi. Yaani kwa mitutu hii ningekuwa kichaa.

Kwa nini? Sogeeni karibu. Hii siyo rangi, haya mawimbi ya kahawia na kijivu, kama mkeka wa ukindu. Zamani hawakutoboa nondo moja wakapata mtutu. Walichukua vipande vya chuma laini na chuma kigumu, wakavisokota pamoja kama kamba, wakaizungushia kamba ile kwenye fimbo ya chuma, wakaifua kwa moto mpaka ikawa bomba. Kisha dawa ya kutia kutu inaila sehemu moja zaidi ya nyingine, mchoro unatokea. Ni mizuri kuliko mtutu wowote wa leo, ila ilitengenezwa kwa baruti ya zamani, ile nyeusi. Ukiitia baruti ya kisasa unaweza kubaki bila vidole.

Na hapa naomba msinicheke. Hiki kijisehemu kinachong'aa, karibu na mdomo, ni kazi yangu. Siku ya kwanza niliona kama uchafu, nikachukua stilwaya ya kusugulia masufuria, nikasugua kwa moyo wote. Nikafuta mawimbi ya miaka mia na sitini kwa dakika mbili. Nilipompigia mzee kumweleza, alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Chini ya mitutu kuna mihuri: taji, fimbo mbili za kifalme zimepishana, herufi BPC, na nyingine yenye V. Hiyo ni ya nyumba ya majaribio ya bunduki iliyopo Banbury Street hapa mjini, tangu 1813, na mpaka leo inafanya kazi. Mtutu unashindiliwa baruti kupita kiasi, unalipuliwa. Ukipasuka, hasara ya fundi. Ukihimili, unapigwa muhuri. Na namba hii, 12, maana yake ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa vidonge kumi na viwili vya mviringo, kimoja ndicho kinachoenea mtutuni. Jina la fundi halipo. Kazi yenyewe ilipita kwa watu wengi, wa mtutu, wa kitako, wa nakshi, kila mmoja kwenye kibanda chake.

Sasa mtoto wa Handeni anatafuta nini na hii? Babu yangu alikuwa na gobori, linakaa darini. Kulipakia ilikuwa shughuli: unamimina baruti mdomoni, unatia kitambaa, unashindilia kwa mdeki, marisau, kitambaa tena, ndipo unaweka fataki. Nguruwe keshamaliza mahindi. Ningali mdogo nilidhani bunduki zote duniani zilikuwa hivyo, kwamba ndipo ufundi ulipokuwa umefikia.

Kumbe. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, yakasaini mkataba. Kuzuia biashara ya utumwa, ndivyo walivyosema. Ndani yake wakapiga marufuku bunduki za kisasa kwa Mwafrika, kuanzia latitudo ya nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini, na sisi wote tumo humo. Kilichoruhusiwa kuuzwa ni gumegume, ile ya kuwasha kwa jiwe. Hii niliyoishika ilikuwa na umri wa miaka karibu thelathini tayari, na hapa Uingereza imeshapitwa na wakati, bwana mmoja kaiweka kabatini kwa kuwa amepata mpya ya kupigia kwale.

Nikiifungua na kuifunga naisikia hiyo tofauti. Kak. Sikilizeni tena. Kak.

Wanaosema "ilete nyumbani": kupita uwanja wa ndege na bunduki begini, hata iwe haifyatuki? Nendeni ninyi.

Jana nilimwonyesha baba mdogo kwa video. Kaitazama kimya, kisha kauliza mitutu miwili ya nini, nguruwe atakusubiri? "Babu yako alikuwa na mmoja na hakukosa hata siku moja."

Baba mdogo, nakuheshimu sana. Lakini nilikuwepo. Babu alikosa kila siku.