Mnakaa wangapi humo ndani?

Jamani kaeni, walioko nyuma sogeeni mbele, maiki hii inakatakata. Wengine mshanisikia, nasema hili la kuishi na jirani asiye na mshahara kila mwaka walimu wapya wakipangiwa vijijini na ntaendelea kulisema.

Mimi nilipangiwa Makete 2009, enzi hizo bado iko Mkoa wa Iringa. Nikakodi Canter hapa Mbeya, tukapanda zile kona 57 za Chimala dereva analalamika njia nzima. Nyuma kuna seti ya makochi, kitanda sita kwa sita, tivii, kabati la vyombo, friji. Friji! Kijiji hakina umeme, na ni Makete, mwezi wa sita, asubuhi unakuta majani meupe kwa sakitu. Watu wakaja kushusha mzigo, hakuna aliyewaita, kina mama ndo wanatoka shamba na majembe yao, na watoto. Bibi mmoja, nyumba yake imepakana na yangu, kabeba mito miwili ya kochi kichwani, akaniuliza, mwanangu, mnakaa wangapi humo ndani? Nikamwambia niko peke yangu. Akatua ile mito, akaangalia gari, nusu ya mzigo bado iko juu. Akasema haya, karibu.

Hakunisema vibaya, na ndo maana lile swali halijanitoka mpaka leo. Yeye alikuwa na vyumba viwili na wajukuu wanne, wazazi wao walishazikwa, mnajua ukimwi ulivyoitafuna Makete. Watu watano, mablanketi mawili. Mimi ninayo manne, mawili hata kwenye plastiki hayajatoka. Usiku nasikia wale watoto wanakohoa na najua kabisa yale mablanketi yako juu ya kabati. Ilinichukua wiki tatu kuyapeleka. Wiki tatu, baridi ile! Nilikuwa naogopa nini? Naogopa nikitoa hili wataomba na lingine. Hayo ndo yalikuwa mawazo yangu, na naona aibu kuyasema ila nayasema.

Sasa kuna mtu hapo anajisemea, mwalimu, mimi nimesoma kwa mkopo, vitu vyangu ni jasho langu. Sawa mwanangu, nani kasema umeiba? Nyerere naye mshahara wake hakuuiba, lakini 1966 wanachuo walipoandamana kupinga masharti ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, alijikata mshahara asilimia 20, na hapo Azimio la Arusha bado halijatoka. Hatuongelei wizi. Naongelea kwamba wewe ukiugua una bima, una nauli ya kushuka Mbeya, viazi vikiungua na sakitu mshahara wako unaingia palepale, na ukichoka unaandika barua ya uhamisho. Bibi wa watu ataandika barua kwa nani?

Na tafadhali sana, lile neno la "watu wa huku hawana kitu ila wana furaha" sitaki kulisikia. Ulimuuliza nani? Mtu akikuchekea ni adabu yake kwa mgeni. Yule bibi alinichekea kila asubuhi na jioni anatuma mtoto kukopa chumvi.

Halafu viazi. Sisi wenye mishahara ndo tunaowapa moyo watu wa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, unalipia moja unaondoka na moja na kitu, ukifika mjini unajisifu Makete viazi bei chee. Lumbesa ni marufuku na mzani upo! Bei chee hiyo ni jasho la mtu aliyelima kwa jembe la mkono kwenye mteremko, na yeye anaona unavyompunja, ila ana ada ya kulipa wiki hiyohiyo.

Nilitaka niguse na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi moja tu, siku gari lako linafika, wanaokuja kushusha mzigo waulize majina yao siku hiyohiyo. Mimi la bibi nilikuja kulijua baada ya miezi miwili, kwa mtoto.

Ee, friji, kuna mtu anauliza hapo. Lilikaa halijawashwa hata siku moja. Bibi akaja akaomba aweke mbegu yake ya maharage humo, panya hawaingii. Nilipohama tukalibeba mimi na wale wajukuu, tukaliingiza kwake.