Kali, karani na mshahara wa Ramprasad

REHEMA: Karibuni, tupo wote wawili. Usiku wa Diwali jirani yangu Mbengali, mtu wa Bengal, eneo la India mashariki na Bangladesh, yule mama wa ghorofa ya chini, aliniita kwake. Wahindu wengi usiku ule humwashia taa Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, lakini Wabengali humwabudu mungu mwingine wa kike, Kali.

KASSIM: Mwenye mkufu wa vichwa vya watu?

REHEMA: Huyohuyo. Ulimi nje, mguu kifuani mwa mungu Shiva, mumewe, mikono minne. Ya kushoto ina upanga na kichwa kilichokatwa. Ya kulia, mmoja unakwambia usiogope, mwingine unatoa baraka. Mama yule akamwekea miguuni maua mekundu ya haibiskasi, akaanza kuimba tenzi za Ramprasad Sen.

KASSIM: Leo tuna mambo matatu: tenzi, mahekalu...

REHEMA: Kwanza Ramprasad. Karne ya 18, Bengal. Inasimuliwa kwamba alikuwa karani wa tajiri mmoja Kolkata. Badala ya hesabu, daftari akalijaza nyimbo za Kali. Wenzake wakamchongea.

KASSIM: Akafukuzwa.

REHEMA: Tajiri akafungua daftari, akasoma: Mama, nikabidhi mimi hazina yako, mimi si mwizi wa fadhila. Akamwambia, rudi kwenu Halisahar ukatunge, mshahara utakufikia.

KASSIM: Mshahara wa kazi gani?

REHEMA: Ya kutunga!

KASSIM: Na hesabu za tajiri nani anaandika?

REHEMA: Kassim, sikiliza utenzi wenyewe. Anaiambia nafsi yake: hujui kilimo wewe, shamba la utu limegeuka pori, lingelimwa lingezaa dhahabu. Lizungushie ua wa jina la Kali, mazao yasiharibiwe. Mungu mwenye upanga anakuwa ua wa shamba. Ndiyo maana watu wanaimba wakiwa na hofu.

KASSIM: Hilo la ua nalipenda sana. Lakini alilipwa kila mwezi?

REHEMA: Yaani wewe na mshahara!

KASSIM: Nauliza kwa sababu mtu aliyetendewa hivyo ndiye huyo anayemgombeza Kali kwenye nyimbo nyingine. Mama gani wewe, umenitupa, hunioni. Kwetu mimi nimelelewa kwamba mbele ya Mungu unanyenyekea. Hayo ni manung'uniko, si ibada.

REHEMA: Mtoto akichapwa na mama yake anamlilia nani? Ramprasad anaimba hivyo: mama anampiga, mtoto analia "mama", anazidi kumng'ang'ania nguo. Usiyemwamini humgombezi.

KASSIM: Mtoto hana akili bado. Huyu ni mtu mzima aliyejua anachoandika.

REHEMA: Kwa hiyo yule mama niliyemwona analia katikati ya wimbo hakuwa kwenye ibada?

KASSIM: Yeye alikuwa. Nazungumzia maneno.

REHEMA: Huwezi kuyatenganisha.

KASSIM: Naweza, na nimeyatenganisha.

REHEMA: Dakika zimekwisha, na hekalu la Kali la Dakshineswar, karibu na Kolkata, la 1855 hatujaligusa.

KASSIM: Wala Kazi Nazrul Islam, Mwislamu, mshairi wa taifa wa Bangladesh, aliyemtungia Kali nyimbo ambazo Wahindu wanaimba mpaka leo.

REHEMA: Naye yumo humohumo kwenye hoja yangu.

KASSIM: Yumo kwenye yangu. Wasikilizaji, tuandikieni.